Msiba Uko Nyuma ya Kanisa

Kibanda chenyewe hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kitanda. Hivyo ndivyo mchungaji alivyotueleza, amesimama uani nyuma ya kanisa lake, mikono mfukoni, kwa sauti ya chini ya mtu mwenye majirani wengi. Kiwanja kile, alisema, serikali inakitambua kuwa mahali pa ibada. Mahali pa ibada panaruhusiwa kuwa na stoo. Panaruhusiwa kuwa na kibanda cha mlinzi, kidogo, kisicho na msingi wa saruji, kinachoweza kufunguliwa bolti zake kikaondolewa. Lakini ukiingiza kitanda humo, kibanda kimegeuka makazi, na makazi kwenye kiwanja cha ibada ni kosa la kanisa zima. Jiko vilevile. Kamba ya nguo vilevile, maana watu wa manispaa wakiona khanga inaning'inia hawana haja ya kuuliza swali.

"Kwa hiyo Mungu anaruhusiwa kushinda hapa, ila kulala marufuku," nilimwambia.

Hakucheka. Alikuwa Mchina wa makamo, mwembamba, mwenye Kiingereza alichojifunza kwa kusoma Biblia, na nadhani alishanichoka tangu siku ile ile. Mimi nami sikuwa na subira naye. Kwetu Tukuyu misheni ilikuwa na nyumba za wageni, nyumba ya wauguzi, nyumba ya mpishi na banda la ng'ombe, vyote kwenye kiwanja kimoja na kanisa, na sikuwahi kusikia mtu amekuja na futi kamba kuuliza ng'ombe wanalala kwa kibali cha nani. Nikamwambia na hilo pia. Akasubiri nimalize, kisha akarudia: bila kitanda, bila jiko, bila kamba. Mwenzangu, ambaye ndiye aliyehitaji kibanda, alikuwa amesimama pembeni na begi lake. Akasema asante, akaingia ndani kuangalia.

Mwenzangu huyu alikuwa mwanamke wa Kingoni, wa Songea. Tulijuana kwenye soko la vitambaa la Zhongda, jijini Guangzhou, kwa kugombana. Sote wawili tulikuwa tumelishika jora moja la kitambaa cha pazia, mimi mwisho huu, yeye mwisho ule, na mwenye duka anatuangalia akifurahia bei inavyopanda yenyewe. Tulipogundua kwamba tunatukanana kwa Kiswahili tuliliacha jora, tukatoka nje, tukacheka mpaka tukakaa chini. Tangu hapo tukawa tunanunua pamoja. Yeye mpole, ana jicho la rangi. Mimi nina mdomo. Mwenye duka akisema hakuna punguzo, *mei you*, mimi ndiye niliyekuwa naondoka kwa hasira mpaka aniite nirudi.

Mambo yalibadilika mwaka wa Olimpiki. Zamani visa ikikaribia kuisha uliiongeza palepale Guangzhou, ukasubiri kidogo, ukaendelea na shughuli zako. Ghafla ikawa haiongezwi. Tukaambiwa ni kwa ajili ya michezo, itapita. Michezo ikaisha, wageni wa michezo wakarudi kwao, polisi wakabaki palepale kwenye milango ya masoko ya Liuhua wakidai pasipoti. Mwaka uliofuata ndio wakazidi. Mimi visa yangu ilikuwa nzima, lakini nikiona sare tu, nilikuwa nageuza nilikotoka. Nikawa nabadili njia bila sababu. Nashuka kwenye treni kituo kimoja kabla ya changu, natembea, nageuka nyuma, natembea tena. Kukaa mahali pamoja nikaona ni kujitega mwenyewe.

Yeye visa yake iliisha wakati mzigo wake uko kiwandani, kwa mtia rangi ambaye kila ukimpigia anasema kesho. Akasema, "Vitambaa vyangu siviachi." Akabaki. Mwenye nyumba wake, mama mmoja aliyezoea kumgawia machungwa, akaja mlangoni macho mekundu akamwambia ahame, kwa sababu mtaa mzima umetangaziwa kwamba anayempangisha mgeni asiye na karatasi atawajibika yeye. Ndipo tukaenda kwa mchungaji, ambaye kanisani kwake tulikuwa tunasali ibada ya mchana, ile ya Kiingereza.

Mpango ulikuwa hivi. Maonyesho ya biashara ya Pazhou yalikuwa yanaendelea, na msimu wa maonyesho msako huwa mkali. Yakiisha tu, mchungaji angempeleka mwenyewe polisi akajisalimishe. Aliyejisalimisha alikuwa anapewa ruhusa ya kuondoka, anatoka kwa miguu yake, na siku za usoni anaweza kuomba visa tena. Aliyekamatwa alifungiwa ndani, akapandishwa ndege na kupigwa marufuku ya kurudi China. Maisha yote ya mwenzangu yalisimama juu ya safari hizi: duka lake la mapazia kule Songea, watoto wake shuleni, mama yake mzazi aliyekuwa akiugua miguu. Alitakiwa jambo moja tu, asionekane mpaka Pazhou wafunge milango.

Vibanda vya pale nyuma vilikuwa vitatu, vya bati jepesi lenye sponji katikati, kama vile vya mafundi wa majengo. Kimoja cha mlinzi, kimoja stoo, kimoja cha shule ya Jumapili. Alipewa hicho cha watoto. Usiku aliunganisha mabenchi mawili ya kwaya akalala hapo katikati. Asubuhi mabenchi yakarudi ukutani. Nguo alizifua na kuzianika ndani, juu ya picha ya safina ya Nuhu, zikawa zinanuka uvundo. Chakula nilimpelekea mimi kwenye hotipoti, na nikifika nilikuwa nasimama, sikai. Nasimama mlangoni, natupa jicho getini, naongea haraka haraka.

"Kaa basi, dada," alikuwa ananiambia. "Unanitia wasiwasi na mimi."

"Wewe umeupata wapi utulivu?"

"Sina utulivu. Ila nikisimama nitakwenda wapi? Nipo hapa kama mwizi, naiba usingizi."

Watu wa manispaa walikuja mara moja. Mimi nawaita mgambo, kwa sababu mgambo ni mgambo hata akivaa glovu nyeupe. Bahati siku hiyo hakuwa ameanika nguo, na mwenzangu mwenyewe alikuwa ndani ya kanisa anafuta vumbi. Mimi nikajifanya nimekuja kuuliza saa za ibada. Wakapima vibanda urefu na upana, wakagonga kuta, wakainama kuangalia kama kuna msingi. Katika kile cha watoto mmoja wao akakuta kikombe, na ndani ya kikombe mswaki. Akaunyanyua. Ulikuwa bado una maji.

Mchungaji akasema jambo kwa Kichina, taratibu, akionyesha kinanda kilichokuwa ndani ya kanisa. Yule mgambo akautazama mswaki, akamtazama mchungaji, akaurudisha kikombeni. Wakaondoka. Mchungaji akakaa kwenye ngazi, kile kikombe mkononi.

"Nimemwambia ni wa kusafishia kinanda," alisema. "Nimesema uongo."

Nikamwambia kwetu huo si uongo, huko ni kumsitiri mtu. Akaniuliza tofauti yake ni nini. Nilikuwa na haraka ya kwenda Zhongda, nikamuaga.

Simu ilinikuta hukohuko Zhongda, nabishana na mwenye duka kuhusu upana wa kitambaa. Ilikuwa sauti ya mwenzangu, kavu kabisa. "Dada, mama amefariki." Basi. Niliuliza lini, akasema alfajiri ya kwao. Niliuliza nani amempigia, akasema kaka yake. Nikaacha kitambaa kimefunuliwa juu ya meza, nikatoka, mwenye duka ananifuata na kikokotoo mkononi akipunguza bei kila hatua.

Habari ya msiba haihitaji mtu wa kuitangaza. Kabla sijafika kanisani simu yangu ilikuwa imeshachemka. Waliokuwa Liuhua wananunua viatu, waliokuwa Pazhou kwenye maonyesho, Wazanzibari wenye godauni la kusafirishia mizigo, wote swali lao lilikuwa moja. Hawakuuliza amekufa na nini. Waliuliza: msiba uko wapi?

Kwetu msiba lazima uwe na mahali. Mtu akifiwa, nyumba yake ndiyo inayopokea watu, hata kama maiti iko mkoa mwingine. Watu wanakuja, wanakaa, wanalala chini, na mfiwa haachwi peke yake. Hilo halina mjadala. Mjadala ulikuwa mahali. Mimi nilitaka tuukalie kwenye chumba changu, ingawa jengo letu lilikuwa na mlinzi anayepiga simu polisi akihesabu wageni asiowajua. Wazanzibari wakasema godauni lao lipo, tusogeze maboksi tu. Mwingine akasema tuchange tukodi mgahawa. Ikabidi mwenyekiti wetu wa Watanzania ampigie mfiwa mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeshafika, nimesimama pale kibandani, nasikia.

"Pole sana, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa. Sasa tuambie, msiba uko wapi?"

Mwenzangu aliangalia mabenchi ukutani, nguo zake zilizoning'inia, kikombe.

"Msiba uko kwangu," alisema.

"Kwako wapi, mama?"

"Hapa. Nyuma ya kanisa."

Nilimpokonya simu kwa nia ya kulirudisha neno lile, lakini mwenyekiti alishakata. Nikamgeukia. Nikamwambia una wazimu, zimebaki siku chache tu Pazhou wafunge, unataka watu wote waje hapa? Akaniambia, "Dada, nimefiwa na mama. Nikalie msiba kwenye godauni la watu?" Hakupandisha sauti. Mimi ndiye niliyelia.

Kumwambia mchungaji ilikuwa kazi yangu, kwa kuwa nina mdomo. Nikamkuta anapanga vitabu vya nyimbo. Akampa pole mfiwa kwanza, akamshika mikono, wakaomba. Kisha akaniita pembeni.

"Mazishi ni wapi?"

"Tanzania."

"Kwa hiyo hapa watakuja kufanya nini?"

"Kukaa."

"Wakae wafanye nini?"

"Wakae tu, mchungaji. Ndiyo shughuli yenyewe."

Alitembea uani akaenda na kurudi. Nikamuona anawaza kama wakili. Mwishoni akasema sheria inakataza makazi, lakini ibada haikuwekewa saa. Watu wakiomba mpaka jioni ni ibada. Wakiomba mpaka kukakucha ni ibada bado. "Basi waombe," alisema. "Ila jiko, hapana." Akauliza watakuwa wangapi. Nikamjibu wachache, na nilipomjibu hivyo nilikuwa tayari nawasikia getini.

Walikuja na mikeka ya plastiki, maji ya chupa, mifuko ya mikate. Wazanzibari walikuja na sufuria la pilau limefungwa kwa taulo, wakaomba waonyeshwe upande wa kibla ili swala isiwapite. Wakenya wakaja, Wakongo wakaja, mmoja wao akampa mkono mfiwa na kumwambia, "*Courage*, mama, tuko pamoja." Wanawake tuliingia kibandani tukabanana sakafuni, mfiwa katikati amejifunika khanga. Wanaume walijaa uani. Na jiko lilikuja. Sijui lililetwa na nani, jiko dogo la gesi, na nilipolikataza wamama walinitazama kama mtoto. Msiba bila hata chai ya moto? Wakaliwasha nyuma ya stoo, na mchungaji akapita mbele yake ameangalia upande mwingine.

Nakumbuka niliona aibu kwa jinsi pale palivyopendeza. Watu waliokuwa wiki nzima wanatembea kwa kujificha, kila mmoja na kichochoro chake, walikuwa wamekaa wamenyoosha miguu. Wanasema msiba wa wengi ni harusi. Mimi sikunyoosha yangu. Nilikuwa naingia, natoka, naenda getini, narudi, mpaka mama mmoja akaniambia nikae nisije nikatoboa shimo kwenye uwanja wa Mungu. Madirisha ya maghorofa yaliyouzunguka ua yalikuwa wazi, na kwenye madirisha mna watu wameegemea wanatuangalia. Usiku ule wa kwanza ulipita salama.

Siku ya pili mchana alifika mtani.

Wangoni na Wanyamwezi ni watani. Babu zao walipigana, wajukuu wanatukanana, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kufanya karibu chochote ilimradi machozi yakauke. Wetu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, jitu la watu, mnunuzi wa simu, aliyekuwa amechelewa kwa sababu ya mzigo. Alipoingia hakusema pole. Alivua viatu, akaburuta benchi la kwaya mpaka katikati ya ua, akalala chali, akajifunika gubigubi kitambaa cheupe cha meza. Halafu chini ya kitambaa ikatoka sauti ya bibi kizee.

"Nani kanileta China bila pasipoti?"

Ua mzima ukaangua kicheko.

"Mwanangu yuko wapi? Huyu anayelala kwenye mabenchi kama kuku? Na nyie Wangoni wenzake mmeniletea nini? Sizikwi mimi! Sizikwi mpaka niletewe kuku mzima na soda mbili!"

Wanawake tukatoka kibandani kushuhudia. Mmoja akamwekea mfupa wa kuku juu ya tumbo, akaukataa, akasema huo wapelekeeni Wanyakyusa, na kidole chake kikatoka kwenye kitambaa kikanielekea mimi. Nikasikia kicheko nyuma yangu ambacho sikuwa nimekisikia tangu enzi ya mtia rangi wa kesho. Mwenzangu alikuwa ameegemea mlango wa kibanda, khanga imemteleza begani, anacheka huku machozi yanamtoka. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Wakati ule sikuwaza kabisa kwamba kutoka kule juu madirishani haionekani hivyo. Kule juu ulionekana mwili mkubwa umelala juu ya benchi, umefunikwa shuka nyeupe mpaka kichwani, na wageni wameuzunguka wanacheka. Ningekuwa mimi niko dirishani, hata mimi ningepiga simu.

Nilikuwa wa kwanza kuwaona, kwa sababu miguu yangu ilishanirudisha getini. Polisi mbele, mgambo nyuma. Nilikimbia moja kwa moja kibandani, nikamshika mwenzangu mkono. Upande wa pili wa kanisa kulikuwa na mlango mdogo unaotokea kwenye uchochoro, na uchochoro unaingia kwenye barabara ya mikokoteni ya vitambaa. Humo ningempoteza hata shetani.

"Twende. Polisi."

Alikuwa amesharudi kukaa kwenye mkeka. "Siendi."

"Nitakuvuta."

"Nivute. Dada, watu wote hawa wamekuja kwangu. Niwakimbie niwaache na polisi? Mfiwa anakimbia msiba wake?"

Nilimvuta kweli. Nilimvuta mpaka khanga ikachanika, na nilimtukana matusi ambayo mtu hatukanwi siku ya msiba wa mama yake. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, lakini alikaa mzito kama gunia lililoloa. Nje watu walikuwa wanapiga kelele, "Polisi! Polisi!" na mtani, chini ya kitambaa chake, akidhani ni sehemu ya mchezo, akajibu kwa sauti ya bibi: "Mimi nimeshakufa, watanifanya nini?"

Polisi mkubwa akakivuta kitambaa. Mtani akafumbua macho. Polisi akaruka nyuma, na hakuna aliyecheka.

Mchungaji alikuja mbio kutoka ofisini. Nilielewa mazungumzo yao nusu kwa Kichina changu cha sokoni, nusu kwa mchungaji mwenyewe, aliyetusimulia baadaye. Alimwambia polisi kwamba huu ni msiba, watu wako kwenye maombi. Polisi akauliza maiti iko wapi. Mchungaji akasema iko Tanzania. Polisi akauliza, na huyu? Mchungaji akamtazama mtani, akatafuta neno. Alitafuta sana. Akasema ni rafiki ambaye kazi yake ni kumtukana marehemu. Polisi akatembea polepole nyuma ya stoo, akalikuta jiko bado la moto. Akarudi, akaitazama mikeka, masufuria, mito, mtoto mmoja amelala. Akasema maneno yaliyokuwa na akili ndani yake, nakubali, ingawa niliyachukia: hakuna maiti, kwa hiyo si msiba. Kuna jiko na watu wanalala, kwa hiyo ni makazi. Makazi ya nani?

Mgambo wakaanza kukusanya pasipoti, mstari mmoja mmoja, kuanzia getini.

Ndipo mwenzangu alipoinuka. Alitoka kibandani peku, akapita katikati yetu, akasimama mbele ya polisi. Akajigusa kifua, akaonyesha kibanda, mikeka, jiko, mpaka watu. "*Wo de*," alisema. Vyangu. Ndivyo tulivyokuwa tunasema sokoni wapagazi wakichanganya mizigo, unaweka mkono juu ya furushi lako unasema *wo de*, na mtu haligusi tena. Kisha akasema kwa Kiingereza, polepole, ili mchungaji aweze kutafsiri, kwamba mchungaji aliruhusu maombi peke yake, mengine yote ameyaleta yeye. Mchungaji alisita. Mwenzangu akamwambia, "Tafsiri, tafadhali." Mchungaji akatafsiri kila neno.

Walimpa nafasi ya kuvaa viatu. Pale mlangoni palikuwa na lundo la viatu vya wanawake wote, akainama kuchambua, akashindwa kuviona vyake. Nikavua ndala zangu nikamwekea miguuni. Akaondoka nazo.

Sisi wengine tuliambiwa tutoke kabla ya magharibi. Hatukuanua tanga, hatukumalizia sala, kila mtu alibeba mkeka wake kwapani akapita getini kimya. Mtani alibaki amekaa kwenye lile benchi, anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja upya. Nilimwendea nikamwambia kila lililokuwa moyoni. Nilimwambia ucheshi wake umemfunga mtu. Jitu zima lilikuwa linalia bila kujifuta.

Kesho yake nilirudi, sikuweza kukaa. Mafundi walikuwa wanafungua vibanda kwa spana, kuta zinatoka moja moja kama milango ya makabati, na vikaondoka vyote vitatu juu ya lori, hata cha mlinzi ambacho sheria ilikikubali. Kanisa lilipewa onyo. Mabenchi yalibaki nje, yamefunikwa turubai. Mwenzangu alifungiwa mpaka Pazhou wakafunga, mpaka mama yake akazikwa, na siku alipopandishwa ndege aliambiwa asirudi.

Wengi wetu walisema tulikosea. Walisema tungeukalia msiba mgahawani, au tungempelekea pole mmoja mmoja, kimyakimya. Kila waliposema hivyo nilikuwa nainuka na kuondoka, kwa sababu niliamini, na ninaamini mpaka leo, kwamba mtu akifiwa unakwenda. Lakini jambo lile lilinila. Nilirudi nyumbani likanifuata. Nikiwa dukani Mbeya napima pazia, linanisimamisha nasahau nimefika yadi ya ngapi. Hatimaye siku moja nilifunga duka nikapanda basi la Makambako, Njombe, mpaka Songea, bila kumwarifu.

Duka lake lilikuwa bado lipo, dogo kuliko alivyokuwa ananisimulia. Sasa alikuwa ananunua mapazia kwa watu wa Dar es Salaam, rangi anazochaguliwa na wengine. Alinikumbatia, akaniletea maji, akatuma mtu akachinje kuku. Akaniuliza habari za njia, za watoto, za mvua. Nilijibu nimesimama.

"Kaa, dada."

"Niambie kwanza," nilimwambia. "Unatulaumu?"

Alikuwa anakunja kitambaa. Hakuacha kukunja.

"Nawalaumu," alisema. "Kila nikifungua duka hili nawalaumu. Wewe, yule Mnyamwezi mwehu, wenye jiko, wote nawataja mmoja mmoja." Akaweka kitambaa kwenye rafu, akakinyoosha kwa kiganja. "Lakini siku ile msingekuja, nisingekuwa hata na watu wa kuwalaumu."